Mwongozo Kamili wa Kuomba Mtaji Mbele ya Simba: Maandalizi ya KCB Lions' Den

Kipindi cha KCB Lions' Den, ambacho msimu wake wa kwanza ulirushwa na KTN mwaka 2016 kwa udhamini wa Benki ya KCB, ni toleo la Kenya la mtindo uliozaliwa Japani mwaka 2001, ukachukuliwa na BBC ya Uingereza mwaka 2005 kwa jina la Dragons' Den, kisha ukafika Marekani mwaka 2009 kwa jina la Shark Tank. Kanuni zake za msingi hazikubadilika sana njiani: mfanyabiashara anasimama mbele ya wawekezaji, anataja kiasi cha fedha anachohitaji na asilimia ya kampuni aliyo tayari kuitoa, kisha anahojiwa mpaka kila mwekezaji aseme kama anaingia au anajitoa. Hakuna kura za watazamaji wala mshindi wa msimu, na fedha zinazotolewa ni za wawekezaji wenyewe.

Kwa kuwa fedha ni zao, simba, kama wawekezaji hao wanavyoitwa kipindini, huuliza maswali ya mnunuzi, na mnunuzi huangalia hesabu na stakabadhi kabla ya kuvutiwa na kipaji cha kuzungumza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika ofisini, miezi mingi kabla ya kamera kuwashwa. Msimu unapotangazwa, huwezi kuanza ndipo kutafuta alama ya ubora au kupanga vitabu vya hesabu vya mwaka mzima. Maandalizi haya pia hayapotei iwapo hakuna msimu unaoendelea, maana mwekezaji yeyote atakayekutana nawe atauliza yale yale.

Hatua ya kwanza: Hakikisha una kitu kinachoweza kuuzwa

Wajasiriamali wengi Kenya huanza kwa kusajili jina la biashara peke yake. Usajili huo unatosha kufungulia akaunti ya benki na kuombea leseni ya kaunti, lakini jina la biashara halina hisa, na asiye na hisa hawezi kuuza asilimia kumi ya chochote. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusajili kampuni ya binafsi yenye hisa chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, kazi inayofanyika kupitia eCitizen, jukwaa la serikali la huduma za mtandaoni. Baada ya hapo omba hati ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi ni nani na kila mwanahisa anamiliki hisa ngapi. Mwekezaji makini huitaka hati hiyo mapema sana, na mara nyingi ndiyo inayofichua kwamba shemeji aliyesaidia kulipia usajili zamani bado anamiliki nusu ya kampuni. Ikiwa kuna mtu wa namna hiyo kwenye kampuni yako, zungumza naye na mmalizane kwa maandishi sasa, kwa sababu bei ya hisa zake itapanda mara tu atakapokuona kwenye runinga.

Kusajili kampuni pekee hakuhamishi mali. Kibali cha KEBS (shirika la viwango la Kenya), mkataba wa kukodi karakana, akaunti za mitandao ya kijamii na alama ya biashara iliyosajiliwa KIPI (taasisi ya mali ya viwandani) vinaweza kuwa bado vimeandikwa kwa jina lako binafsi. Vihamishie kwenye kampuni. Alama ya biashara hasa isisahaulike: usajili wake hulinda jina na nembo kwa miaka 10 na unaweza kuhuishwa, na kama bidhaa yako ina ubunifu unaostahili hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, tuma maombi kabla ya kusimama mbele ya kamera na kueleza jinsi inavyofanya kazi. Ukishayasema hewani, unaweza kupoteza haki ya kuyalinda.

Hatua ya pili: Tenganisha fedha zako na fedha za kampuni

Ushahidi wa mauzo ambao wafanyabiashara wengi wadogo wanao ni taarifa ya M-Pesa. Taarifa hiyo ni ushahidi mzuri iwapo malipo yameingia kwenye till ya biashara, yaani namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya wateja, lakini inageuka mzigo iwapo yameingia kwenye simu ya mwenye biashara pamoja na michango ya harusi, pesa za chama na karo ya watoto. Hakuna mhasibu anayeweza kuapa kwamba Sh4,500 zilizoingia Jumanne zilikuwa mauzo. Fungua till, ielekeze kwenye akaunti ya benki ya kampuni, na uache muda wa kutosha upite ili uwe na rekodi safi ya angalau mwaka mmoja. Ukihitaji fedha za nyumbani, jilipe mshahara kutoka kwenye akaunti hiyo kwa tarehe moja kila mwezi.

Upande wa kodi ushughulikiwe wakati huo huo. Kampuni iwe na PIN yake ya KRA, mamlaka ya kodi, itoe ankara kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na iwe na cheti halali cha kutodaiwa kodi. Biashara inayouza bidhaa zinazotozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa thamani ya Sh5 milioni au zaidi kwa mwaka inapaswa kusajiliwa kwa kodi hiyo, na hapa ndipo wengi hujikuta wamejifunga kwa ulimi wao wenyewe, kwani wanajivunia mauzo ya Sh7 milioni mbele ya nchi nzima ilhali hawajawahi kujisajili. KRA nao hutazama runinga.

Kwa bidhaa za chakula, vipodozi na vitu vingine vyenye viwango vya lazima, alama ya ubora ya KEBS ni sharti. Mwaka 2019 shirika hilo lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini), na tangu hapo mwekezaji yeyote anayefikiria kuweka fedha kwenye nafaka au njugu atataka kuona matokeo ya maabara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa jumla ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Kiweke kichwani, na uwe na karatasi ya kipimo cha shehena ya karibuni.

Hatua ya tatu: Fahamu hesabu ya chupa moja

Hii ndiyo hatua inayotenganisha wanaopata mtaji na wanaorudi nyumbani, kwa hiyo tuichukue polepole. Tuseme kampuni inatengeneza siagi ya njugu na kuiuzia maduka kwa Sh300 kwa chupa kabla ya VAT. Njugu zinazoingia kwenye chupa hiyo zinagharimu Sh140, chupa na kifuniko Sh35, lebo Sh8, malipo ya vibarua Sh22 na usafirishaji Sh15. Jumla ni Sh220, na faida ghafi ni Sh80 kwa chupa, yaani karibu asilimia 27 ya bei.

Kampuni ikiuza chupa 2,000 kwa mwezi, mauzo ni Sh600,000 na faida ghafi ni Sh160,000. Kutoka hapo ondoa gharama zinazolipwa hata kama hakuna chupa iliyouzwa: kodi ya karakana Sh25,000, mshahara wa mwenye biashara Sh40,000, umeme na maji Sh12,000, mhasibu wa muda Sh8,000, na Sh15,000 za simu, matangazo na mengineyo. Hizo ni Sh100,000. Kinachobaki ni Sh60,000 kwa mwezi, au Sh720,000 kwa mwaka kabla ya kodi ya mapato.

Angalia kwamba mshahara wa mwenye biashara umo ndani. Anayesema anapata faida ya Sh100,000 kwa mwezi kwa sababu tu hajilipi ataulizwa swali moja, naye atakapojibu, simba ataondoa Sh40,000 papo hapo na kuendelea kuhesabu kwa kalamu yake.

Sasa jaribu hesabu hiyo kwa mwezi mbaya. Kati ya chupa 2,000 zilizopelekwa madukani, 100 zinarudishwa kwa sababu ya vifuniko vilivyolegea na hazilipwi. Mauzo yanashuka hadi Sh570,000, lakini gharama za kutengeneza zinabaki Sh440,000, kwa hiyo faida ghafi ni Sh130,000 na faida halisi ni Sh30,000. Chupa tano tu katika kila mia zimekula nusu ya faida. Mjasiriamali anayelijua hilo na kueleza jinsi alivyobadilisha muuzaji wa vifuniko anaaminika zaidi kuliko anayedai bidhaa yake hairudishwi kamwe.

Suala jingine ni muda wa kulipwa. Maduka makubwa huchukua mzigo leo na kulipa baada ya wiki nyingi, wakati mkulima wa njugu anataka pesa taslimu gunia linapopakiwa. Kampuni inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na kukosa pesa ya njugu Ijumaa. Kuanguka kwa Nakumatt na Tuskys, kampuni za maduka makubwa walioacha wasambazaji wakidai mabilioni ya shilingi, kumewafanya wawekezaji wa Kenya wawe wepesi kuuliza ni sehemu gani ya mauzo yako iko mikononi mwa mteja mmoja, na anakulipa baada ya siku ngapi. Jibu liwe tarakimu.

Hatua ya nne: Panga bei ya kampuni yako kabla ya mtu mwingine kukupangia

Anayeomba Sh2 milioni kwa asilimia 10 amesema, hata kama hakukusudia, kwamba kampuni yake ina thamani ya Sh20 milioni pamoja na fedha hizo mpya. Kwa kampuni yetu ya siagi ya njugu, hiyo ni karibu mara 28 ya faida ya mwaka. Likitazamwa kutoka upande wa pili wa meza, mwekezaji angepata asilimia 10 ya Sh720,000, yaani Sh72,000 kwa mwaka, na angehitaji karibu miaka 28 kurudishiwa fedha zake iwapo biashara haitakua. Hapo ndipo vicheko huanza.

Chukua sasa makadirio ya tahadhari zaidi, mara tano ya faida ya mwaka. Thamani ya kampuni kabla ya fedha mpya inakuwa Sh3.6 milioni, na zikiongezwa Sh2 milioni inakuwa Sh5.6 milioni, kwa hiyo mwekezaji angedai karibu asilimia 36. Kati ya 10 na 36 ndimo majadiliano yatakamofanyika. Kinachoweza kukusogeza karibu na 10 ni ushahidi wa ukuaji: mauzo ya miezi 12 iliyopita yanayopanda, oda zilizosainiwa ambazo umeshindwa kuzitimiza kwa kukosa mashine, au mkataba na kikundi cha wakulima utakaoshusha gharama ya njugu kutoka Sh140 hadi Sh120 kwa chupa. Punguzo hilo la Sh20 peke yake linaongeza Sh40,000 kwa mwezi kwenye faida ileile ya chupa 2,000, na ni hoja yenye nguvu kuliko takwimu za idadi ya Wakenya wanaokula mkate.

Matumizi ya fedha unazoomba nayo yaandikwe kwa kina. Sema mashine ya kusaga ni ya bei gani na itazalisha chupa ngapi kwa siku, kiasi gani kitanunua njugu wakati wa mavuno bei ikiwa chini, na kiasi gani kitabaki akiba ya kuvumilia malipo yanayochelewa. Usiombe fedha za kulipia madeni ya zamani bila kusema hivyo waziwazi, na usijumuishe gari.

Amua pia kama unatoa hisa mpya au unauza zako. Hisa mpya zikitolewa, fedha huingia kwenye kampuni; ukiuza hisa zako, fedha huingia mfukoni mwako na kampuni inabaki na njaa yake. Wawekezaji wa aina hii karibu daima wanataka njia ya kwanza. Hesabu yake huwakosesha wengi: ikiwa kampuni ina hisa 1,000 na mmekubaliana asilimia 25, huwezi kumpa hisa mpya 250, kwa kuwa 250 kati ya 1,250 ni asilimia 20. Anastahili hisa 333, maana jumla itakuwa 1,333.

Mwishowe andika tarakimu mbili kwenye karatasi yako binafsi: asilimia unayoanza nayo, na asilimia ambayo ukiivuka unashukuru na kuondoka. Washirika wenzako wakubaliane nawe juu ya tarakimu ya pili kabla ya siku ya kurekodi.

Hatua ya tano: Maombi na wasilisho

Fomu ya maombi ijazwe kwa kutumia matangazo rasmi ya kituo au mdhamini, na mtu yeyote anayetaka umlipe ili akuingize aachwe alivyo. Waandaaji huchagua biashara zinazoeleweka haraka na zinazoonekana, kwa hiyo bidhaa inayoweza kuonjwa, kuvaliwa au kuwashwa mbele ya kamera ina nafasi nzuri kuliko huduma isiyoshikika. Kama unachouza ni programu ya simu, tafuta namna ya kukionyesha mikononi mwa mteja.

Sentensi ya kwanza ya wasilisho ina kazi nne: jina lako, jina la kampuni, kiasi unachoomba na asilimia unayotoa. Baada yake eleza tatizo la mteja, jinsi bidhaa inavyolitatua, mauzo ya mwaka uliopita, faida, na kitakachobadilika fedha zikiingia. Historia ya utotoni ifupishwe. Fanya mazoezi mbele ya mtu anayejua biashara na asiyekuonea haya, umwombe akukatize katikati ya sentensi, kwa kuwa simba hawasubiri zamu. Tarakimu uzirudie kwa lugha utakayotumia siku hiyo. Wengi huzijua vizuri kwa Kiswahili dukani, kisha wanababaika zinapoulizwa kwa Kiingereza.

Bidhaa za kuonjesha ziwe za kawaida, zile zile zinazouzwa dukani. Mwekezaji akigeuza chupa na kukuta tarehe ya mwisho wa matumizi haijachapishwa, mazungumzo yatahamia huko na hayatarudi.

Hatua ya sita: Ndani ya chumba

Jua nani amekaa mbele yako. Katika msimu wa kwanza walikuwapo Wandia Gichuru wa kampuni ya mavazi ya Vivo, Darshan Chandaria wa Chandaria Industries, Kris Senanu mwenye uzoefu wa teknolojia na mawasiliano, Myke Rabar wa Homeboyz, na Olive Gachara, mchapishaji wa jarida la Couture Africa. Mtengenezaji wa siagi ya njugu angehitaji zaidi mtu anayejua viwanda na usambazaji, na angefanya vyema kusema hivyo waziwazi, huku mbunifu wa mavazi akijua kwamba mwekezaji mwenye maduka tayari anaweza kumfaa kuliko mwenye fedha nyingi zaidi. Safu ya simba hubadilika, kwa hiyo utafiti huu ufanywe upya kila msimu.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na utalileta. Tarakimu ya kubuni itakufuata hadi kwenye uchunguzi wa stakabadhi. Ofa ikija, irudie kwa sauti kabla ya kujibu: kiasi gani, kwa asilimia ngapi, je, zote ni hisa au sehemu yake ni mkopo, na kuna sharti gani. Simba mmoja anaweza kutoa Sh2 milioni kwa asilimia 30, na mwingine akatoa Sh1 milioni za hisa na Sh1 milioni za mkopo kwa asilimia 15. Ofa ya pili inaonekana nyepesi mpaka ukumbuke kwamba mkopo una marejesho ya kila mwezi, na kampuni yenye faida ya Sh60,000 haiwezi kubeba marejesho ya Sh90,000. Unaruhusiwa kunyamaza na kupiga hesabu. Unaruhusiwa pia kupendekeza njia ya kati, kama vile asilimia 30 zinazoshuka hadi 22 iwapo mauzo yatafikia kiwango mlichokubaliana ndani ya miaka miwili.

Usijibizane na simba aliyejitoa. Ameshatoka, na wanne waliobaki wanakutazama jinsi unavyopokea ukosoaji, maana watafanya kazi nawe kwa miaka.

Hatua ya saba: Baada ya kupeana mikono

Makubaliano ya mbele ya kamera ni ahadi ya kuanza uchunguzi. Mwekezaji ataomba CR12, vitabu vya hesabu, taarifa za benki na za M-Pesa, mikataba, vibali, rekodi za kodi na orodha ya madeni, na anaweza kubadilisha ofa au kuiacha akikuta tofauti na ulichosema. Kwa sababu hiyo usiagize mashine, usiajiri, wala usiwaahidi wakulima malipo mpaka fedha ziingie kwenye akaunti ya kampuni.

Tafuta wakili wako mwenyewe, asiye wa mwekezaji, akusaidie kuandaa mkataba wa wanahisa. Vipengele vinavyostahili muda wake ni nani anateua wakurugenzi, maamuzi gani yanahitaji idhini ya mwekezaji, mshahara wako utaamuliwaje, gawio litalipwa lini, na nini kitatokea mmoja wenu akitaka kuuza, akifariki au akiacha kazi. Soma mara mbili kifungu chochote kinachompa mwekezaji haki ya kukulazimisha uuze hisa zako pamoja na zake. Mkataba ukisainiwa, mgawo mpya wa hisa uwasilishwe kwa Msajili wa Kampuni, na kwa kuwa anayemiliki asilimia 10 au zaidi huhesabiwa miongoni mwa wamiliki wanufaika, yaani watu wanaoimiliki kampuni kwa hakika, jina lake liingizwe kwenye rejesta ya wamiliki hao pia. Kisha omba CR12 mpya na uhakiki idadi ya hisa.

Kati ya kurekodi na kurushwa kwa kipindi huwa kuna pengo, na katika pengo hilo utakuwa umefungwa na ahadi ya kutotangaza matokeo. Litumie kuweka akiba ya bidhaa. Usiku wa kurushwa, simu zitaanza kuita kabla kipindi hakijaisha, zikiwamo za watu walio mbali na duka lolote unaloliuzia. Namba ya till iwe imeandikwa kwenye kurasa zako zote, awepo mtu wa pili wa kupokea oda, na bei ya kutuma kifurushi nje ya kaunti yako iwe imeshakokotolewa, kwa sababu chupa ya Sh300 inayosafirishwa kwa Sh350 itakuletea malalamiko mengi kuliko wateja.